Bosi ananihurumia, lakini huruma yake inanirudisha nyuma kazini

"Shikamoo, mama. Nina shahada ya kilimo, na huu ni mwaka wa tatu ninafanya kazi katika mradi mmoja wa utafiti wa mikorosho wenye ofisi hapa Mtwara. Niliajiriwa siku moja na kijana mwenzangu wa kiume, shahada moja, mshahara mmoja. Msimu wa kupulizia yeye hukaa fildi Tandahimba na Newala wiki nzima. Mimi hubaki ofisini nikiingiza na kuchambua data anazoleta, naandika muhtasari wa vikao, na wageni wakija mimi ndiye ninayeagizwa chai. Mwaka jana ilitoka makala. Jina lake limo miongoni mwa waandishi, langu liko kwenye shukrani. Nilipouliza, bosi aliniambia, 'Mwanangu, mimi nakuhurumia, porini hakukufai, na sasa una mtoto mchanga.' Mama mmoja wa ofisini ananiambia nishukuru, kwa kuwa wenzangu wanakitafuta kivuli hicho. Mtoto ana miezi minane na mkataba wangu unaisha Desemba. Je, huu ni ubaguzi, au ni mimi nisiye na shukrani? Nifanye nini nisionekane mkorofi? Na je, nimwachishe mtoto ziwa ili waone kwamba niko tayari kwa safari?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale unapojiuliza kama tatizo ni kukosa kwako shukrani. Nitaanza hapo, kwa sababu mtu akishajishuku mwenyewe hata hoja iliyo wazi humponyoka mkononi. Kwa maelezo uliyonipa, unayotendewa yana sura ya ubaguzi wa kijinsia kazini. Nasema yana sura, kwa kuwa sijausikia upande wa bosi wako wala sijauona mkataba wako. Huenda mwenzako aliajiriwa kwa kazi ya fildi na wewe kwa kazi ya data, na jambo hilo uliangalie kabla ya mengine yote. Lakini kama mikataba yenu inafanana kama mishahara yenu inavyofanana, basi hujakosa shukrani. Umeona kitu kilichopo.

Watu wengi hudhani kwamba pasipo chuki hapana ubaguzi. Wanamtafuta bosi mkali anayewatukana wanawake, na wasipomwona husema ofisi yetu ni salama. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, waliandika kuhusu sura mbili za mtazamo wa kuwadunisha wanawake: moja ni ya uadui, na nyingine ni ya upole, inayomwona mwanamke kuwa mtu wa kulindwa, kutunzwa na kuondolewa mizigo. Sura hii ya pili ni ngumu kuipinga, kwa sababu anayeionesha mara nyingi ni mtu mwema kweli kweli, na anayeipinga huonekana amekataa wema. Bosi wako huenda anakupenda kama mtoto wake. Sisi watu wa Pwani na Kusini tunaitana mwanangu, mama, mjomba, na lugha hiyo ya udugu ni hazina sipendi tuipoteze. Hata hivyo, baba humkinga binti na jua, ilhali kiongozi wa utafiti anao wajibu wa kumkuza mtafiti, na mtafiti wa mikorosho hakuzwi pengine isipokuwa chini ya mikorosho. Swali la kujipima nalo ni jepesi: je, uliulizwa? Huruma inayoanza kwa kukuuliza unaweza nini, unahitaji nini na unataka nini ni msaada. Ile inayoamua kwa niaba yako, ikakuondoa kwenye kazi inayompandisha mwenzako cheo, ina matokeo yale yale ambayo chuki ingeyaleta.

Niieleze sasa namna hasara yenyewe inavyotokea, kwa sababu anayeitazama kwa nje huona umepewa kiti na feni. Katika sayansi mtu hulipwa mara mbili. Malipo ya kwanza ni mshahara, na huo mnalingana. Malipo ya pili ni jina: data huzaa makala, makala huzaa jina, na jina ndilo linaloitwa nafasi za masomo zinapotoka, mradi mpya unapotafuta kiongozi, au mkataba unapofika mwisho. Kwa mikorosho hasara hiyo ina kalenda yake. Maua hutoka takriban kuanzia Juni hadi Septemba, na ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga huyashambulia katika miezi hiyo hiyo. Mtafiti husimama chini ya mti, hulitazama shada moja moja na kukadiria ni sehemu gani imefunikwa na ule unga mweupe, na jicho la kukadiria hivyo halipatikani vitabuni. Hupatikana kwa kutazama mashada mamia, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo anapogundua kwamba mti fulani umebaki safi katikati ya miti iliyougua, au kwamba mkulima fulani hupulizia dawa ya salfa alfajiri kabla umande haujakauka na ana sababu zake. Maswali ya utafiti unaofuata huzaliwa hapo. Ukikosa msimu mmoja umekosa mwaka mzima, na wewe umeshakosa zaidi ya mmoja.

Kuna pia jambo ambalo hukulitaja, nalo ni posho. Mwenzako anapokaa Newala wiki nzima bila shaka analipwa posho ya kujikimu. Zijumlishe siku zake za msimu mmoja, uzizidishe kwa kiwango cha mradi wenu, na utajua kama ule mshahara mmoja kweli ni mmoja.

Kuhusu makala, nina habari ambayo huenda hukuambiwa. Unaandika kana kwamba kazi yako ni ya pembeni, umeingiza tu data na kuzichambua. Miongozo ya uandishi inayofuatwa na majarida mengi ya kisayansi, hasa ule wa wahariri wa majarida ya tiba ambao fani nyingine nazo zimeuiga, hauhesabu kwenda porini peke yake. Mchango mkubwa katika kubuni utafiti, au kukusanya data, au kuzichambua, au kuzifasiri, humpa mtu msingi wa kuwa mwandishi, ilimradi pia ashiriki kuandika au kuhariri rasimu, aidhinishe nakala ya mwisho na awe tayari kuwajibika kwayo. Kwa hiyo, kama wewe ndiwe uliyechambua, ulikuwa na sifa ya kwanza, na ulichonyimwa ni nafasi ya kuzitimiza zilizobaki, kwa kutoletewa rasimu. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter aliipa jina rasmi tabia hii ya kazi za wanawake wa sayansi kuandikwa kwa majina ya wanaume au kufifishwa. Jocelyn Bell Burnell, aliyeziona kwanza ishara za nyota ziitwazo pulsa mwaka 1967 akiwa mwanafunzi wa udaktari, hakuwamo katika tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 iliyotolewa kwa ugunduzi huo. Aliipata msimamizi wake. Ya makala ya mwaka jana huenda usiyarudishe. Ya makala ijayo yamo mkononi mwako, ukidai mapema, kwa maandishi, kwamba uchambuzi huo utaufanya ukiwa mmoja wa waandishi.

Hoja ya pili niliyoizoea kuisikia katika mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara, ni kwamba mazingira ya huku hayaruhusu. Mazingira yapi? Shamba la korosho la Kusini limepaliliwa na wanawake tangu mikorosho ilipofika, wanawake ndio wanaookota na kubangua, na miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo wenyewe umefuatwa kwa upande wa mama. Lugha yetu haikushindwa kumpa jina bibi shamba pembeni ya bwana shamba. Aliyezoea kuona mwanamke akiwa juani na jembe, kisha akaona vibaya mwanamke huyo huyo akiwa juani na daftari la takwimu, kinachomsumbua si jua. Tena mfikirie Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na baadaye akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Fani yake ilikuwa matende na mabusha, ugonjwa tunaoujua vyema huku, ambao vimelea vyake hujitokeza katika damu ya pembezoni usiku, kiasi kwamba kwa miaka mingi uchunguzi wake ulihitaji damu ichukuliwe usiku wa manane. Kama fani hiyo ingewaacha wanawake ofisini kwa kuogopa giza, nchi ingemkosa.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hatari za fildi ni hadithi. Zipo, na nataka uzijue ili usizungumze na bosi wako kama mtu asiyeziona. Salfa ya unga huwasha macho na kifua, na viuatilifu vinavyopulizwa dhidi ya wadudu waitwao mbu wa mikorosho vinahitaji tahadhari kubwa zaidi, hasa kwa mjamzito na anayenyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 33, inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka, inapowezekana, ampe kazi nyingine kwa masharti yasiyopungua yale aliyokuwa nayo. Ione tofauti hapo: sheria inakuondoa kwenye bomba la kupulizia, haikuondoi kwenye utafiti. Kukadiria ugonjwa kunaweza kupangwa siku ambazo shamba halipuliziwi. Hatari nyingine ni ya watu. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliowahoji wanasayansi 666 waliofanya kazi za fildi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa walisema walikumbana na maneno au vitendo vya kingono wasivyovitaka. Wanawake mara nyingi walitendewa hivyo na wakubwa wa timu zao wenyewe, si na wageni wa kijijini. Bosi anayelihofia pori na kulisahau gari la mradi ametazama upande mmoja tu. Dawa ya hatari hizi ni malazi yenye mlango unaofungwa, kutopanda bodaboda usiku, watu wawili au watatu katika timu, na mtu anayejulikana wa kupokea malalamiko. Hayo yakiwepo, yanamlinda na yule kijana pia.

Tufike kwenye la kufanya. Katika chuo cha MIT huko Marekani kulikuwa na mwanabiolojia aitwaye Nancy Hopkins, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alihitaji nafasi zaidi kwa ajili ya matangi ya samaki wake wa utafiti. Akaambiwa nafasi yake inatosha. Yeye hakubishana. Alichukua utepe wa kupimia akazunguka maabara za wenzake, akapima chumba kimoja baada ya kingine, akakuta kwamba wanaume wa cheo chake walikuwa na nafasi kubwa kuliko yake. Kisha akazungumza na wanawake wenzake. Kitivo kizima cha sayansi kilikuwa na maprofesa wanawake 15 wenye ajira ya kudumu dhidi ya wanaume karibu 200, na kila mmoja wa wale wanawake alidhani tatizo ni lake peke yake. Ripoti iliyotolewa mwaka 1999 ilikubali kwamba ubaguzi ulikuwepo, na rais wa chuo alikiri hadharani kwamba ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani.

Utepe wako ni daftari. Andika, kwa kila msimu tangu uajiriwe, siku za fildi alizopata mwenzako na ulizopata wewe, mafunzo, makala, posho, na saa ulizotumia kwenye mihtasari na chai. Tumia kumbukumbu ambazo una haki ya kuziona, kama ratiba zilizobandikwa, barua pepe ulizotumiwa na fomu zako mwenyewe. Usifungue kabati la mtu. Huenda ukakuta hali ni nafuu kuliko ulivyohisi, na hilo nalo ni jibu. Mimi niliwahi kukaa miaka katika maabara moja ya udongo nikiamini kwamba ninaandika muhtasari wa vikao kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Siku nilipohesabu, nilikuta kwamba kati ya watumishi tisa ni wanawake wawili tu tuliokuwa tukiandika, na mwenzangu mwandiko wake ulikuwa hausomeki.

Ukiwa na hesabu hiyo, omba kuonana na bosi wako faragha, wakati ratiba ya msimu haijapangwa, ndiyo kusema Aprili au Mei na si Juni gari likiwa linawashwa. Usianze kwa neno ubaguzi. Anza kwa ombi linalotekelezeka: wiki tatu za kukadiria ugonjwa katika mashamba ambayo hayapuliziwi wiki hizo, malazi ya namna fulani, zamu ya muhtasari izunguke kwa wote, na jina lako kwenye makala ya data unazochambua. Mwambie kwa adabu yako yote, "Baba, nashukuru kwa kunijali, lakini hili naomba uniachie niamue mwenyewe." Kisha jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe fupi ya kumshukuru kwa mazungumzo na kutaja mliyokubaliana. Barua hiyo ni adabu, na pia ni ushahidi. Mabosi wengi wa aina hii hubadilika hapo, kwa kuwa hawakuwahi kuambiwa. Wapo wasiobadilika, na wapo wanaokunja uso, na sitakuahidi kwamba wako si mmoja wao.

Asipobadilika, ujue sheria iko wapi. Kifungu cha 7 cha sheria ile ile kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na kati ya misingi inayokatazwa kimetaja jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Kwa hiyo sababu ya "una mtoto mchanga" haimsaidii mwajiri, inamwongezea kosa. Kinaruhusu kutofautisha watu kwa matakwa halisi ya kazi, ila atalazimika kuonesha kwamba kukadiria ubwiriunga kunamtaka mwanamume. Mfanyakazi akionesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwepo humwangukia mwajiri, na hapo ndipo daftari lako linapofanya kazi. Mgogoro wa namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa kujaza fomu namba moja ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ukiachishwa kazi isivyo halali, muda ni siku 30 tu, na kutohuishiwa mkataba uliokuwa na sababu ya msingi ya kuutarajia huweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Kama ungekuwa mtumishi wa umma, ungelazimika kwanza kupitia njia za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Nikupe na upande mgumu wake. Shauri la ubaguzi kwa mtu ambaye bado yuko kazini, na mkataba wake unaisha Desemba, ni jambo zito. Unaweza kushinda hoja ukakosa mradi, na katika fani ndogo kama ya mikorosho watu wote wanajuana. Kwa hiyo CMA kwangu mimi si hatua ya kwanza kwako; kabla yake yapo mazungumzo, ipo barua rasmi kwa ngazi ya juu ya bosi wako au kwa mfadhili kama mradi una utaratibu wa malalamiko, na kipo chama cha wafanyakazi kama mnacho. Kuondoka nako ni chaguo halali, na atakayeondoka akiwa na uchambuzi wenye jina lake hajaondoka mikono mitupu.

Yule mama wa ofisini usimkasirikie. Mwaka 2012 watafiti waliwapelekea maprofesa 127 wa sayansi nchini Marekani maombi ya kazi yanayofanana neno kwa neno, nusu yakiwa na jina la kiume na nusu la kike. Mwenye jina la kiume alionekana ana uwezo zaidi na akapangiwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, mwenye jina la kike dola 26,508, na maprofesa wanawake walipima vile vile kama wanaume. Mazoea haya tumeyanyonya sote. Huenda naye aliomba fildi miaka ishirini iliyopita akajibiwa kama wewe. Muulize siku moja mkiwa wawili.

Yapo mambo ambayo hayafai kusubiri jibu la maandishi kama hili. Mtu yeyote akikuwekea sharti la kingono ili upate safari, jina kwenye makala au mkataba, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria ya taasisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, ya mwaka 2007. Piga 113, simu hiyo ni ya bure, au nenda ofisini kwao. Ukidokezwa kwamba hutahuishiwa mkataba kwa sababu ya mtoto, nenda ukiwa na karatasi zako kwa afisa kazi wa mkoa au ofisi ya CMA kabla siku hazijakupita, na kama huna uwezo wa wakili ulizia msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu mwaka 2017. Ukipata kikohozi, kizunguzungu au upele baada ya kuwa karibu na upuliziaji, muone daktari siku hiyo hiyo na umtajie jina la dawa iliyopulizwa.

Nimeliacha mwisho la ziwa, kwa kuwa ndilo lililonigusa zaidi. Usimwachishe mtoto ili kumridhisha mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonya, pamoja na vyakula vingine, hadi miaka miwili au zaidi, na sheria yetu inakupa hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili hiyo. Tandahimba si mbali kiasi cha kukulazimisha kuchagua. Anza na safari za kwenda na kurudi siku moja, ukikamua maziwa na kuyahifadhi asubuhi kabla ya kuondoka, na ukiwaambia wenzako mapema kwamba gari litasimama mara moja njiani ili ukamue tena. Kwa safari za kulala, omba uruhusiwe kwenda na mtoto pamoja na msichana wako wa kumlea, wabaki mjini mahali mlipofikia, mbali na shamba. Wewe ukirudi jioni, vua nguo za shambani, oga, ndipo umpakate.